MKULIMA MMOJA WA NTUZU NA DAFTARI LAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bariadi)



Tuliombwa na Halmashauri ya Chama tuseme nanyi jioni hii juu ya kazi ya karani. Tangu mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba alipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, mikutano ya namna hii imezoea kusema juu ya mishahara, vyeo, nyumba na likizo, wala si vibaya, maana asiyeuliza haki yake hapewi. Walakini leo twaomba ruhusa kusema juu ya mtu ambaye hakupata mshahara hata siku moja. Alikuwa mkulima wa pamba, Mkristo wa Kilutheri, na mji wake ulikuwa kando ya njia itokayo hapa Bariadi kwenda Lamadi. Alifariki mwezi wa Novemba 2019. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa watoto wake wako hai na mambo yao hayajaisha yote. Tutamwita Mzee, kama tulivyomwita alipokuwa hai.

Ukimtafuta Mzee katika majalada yetu utamwona kwa shida. Yumo katika daftari la wapiga kura, yumo katika vitabu vya mizani vya chama cha msingi, na yumo katika orodha ya waliodai fedha za pamba. Hayo ndiyo yote. Mtu ameishi karibu miaka 76, amelisha watu, amevika watu ambao hajawaona kwa pamba yake, na Serikali yamjua kwa kilo tu.

Alizaliwa yapata mwaka 1943, wakati Ntuzu ilipokuwa nchi ya mtemi katika Wilaya ya Maswa, kabla Bariadi haijawa wilaya na kabla Simiyu haijawa mkoa, jambo lililokuja mwaka 2012. Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, watu wakaamriwa kulima kwa matuta na kupunguza mifugo yao. Baba yake alitozwa faini kwa ajili ya matuta. Mzee alipotusimulia habari hiyo alikuwa akicheka, kwa sababu yeye mwenyewe alilima kwa matuta maisha yake yote, akayafunga katikati ili maji ya mvua yasikimbie. Alisema, “Baba alikataa amri, hakukataa tuta.” Tumeliandika neno hili kwa kuwa sisi tuliosoma twadhani mara nyingi kwamba mkulima akikataa jambo ni kwa ujinga.

Ubatizo aliupata akiwa kijana, kwa mkono wa mwinjilisti aliyetoka upande wa Iramba, ambako wamisioni Waaugustana kutoka Marekani walikuwa wamefanya kazi tangu miaka ya 1920. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, yeye alikuwa amekwisha kujua kusoma, naye alijifunzia kusoma katika darasa la ubatizo, si shuleni. Ndiyo maana mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama mbalimbali kama miche ya pamba. Walutheri hapa kwetu si wengi. Katika kijiji chake walikuwa na mtaa mdogo chini ya usharika wa mbali, na mchungaji alifika mara chache. Jumapili nyingine Mzee ndiye aliyeongoza ibada, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na mwenye sauti. Mwezi wa mavuno alileta kibaba cha mtama, kuku na fungu la pamba. Na vitu hivyo vikinadiwa nje baada ya ibada, yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupandisha bei ya kuku wa jirani.

Twataka kusema kidogo juu ya pamba yake, maana hapo ndipo tulipomjua. Pamba ya kwetu hupandwa toka katikati ya Novemba hata katikati ya Desemba, huvunwa toka Mei na Juni, na mkulima mwenyewe ndiye mwenye kuichambua, safi peke yake na fifi peke yake. Ni kazi ya kuchosha, nayo hufanywa zaidi na wanawake na watoto, wamekaa juu ya turubai mchana kutwa. Kila mtu hapa ajua kwamba wako watu wanaonyunyiza maji katika pamba, au kutia mchanga, ili izidi uzito; na kila mtu ajua kwamba mizani nayo ina dhambi zake. Mzee hakutia maji. Jirani zake walimcheka wakisema pamba yake ni nyepesi kama imani yake. Jibu lake lilikuwa kwamba aliyeivaa shati hakumfanyia ubaya wo wote. Twakiri kwamba tulipolisikia neno hilo kwanza tuliliona la kitoto.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alibomoa mji wake akahamia mahali palipopimwa. Mashamba yakabaki mbali, na migunga yote ya karibu ikakatwa kwa kuni na kwa kujengea. Miaka ya themanini, watu wengi walipoanza kurudi makwao, naye alirudi, akakuta mahali pa babaye pamekuwa uwanda mtupu. Ndipo alipofunga ngitili. Kwa ndugu waliotoka mikoa mingine twaeleza: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua ianzapo, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue na miti ichipue, kisha hufunguliwa kiangazi wakati malisho mengine yamekwisha. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu waliiita HASHI, wataalamu waliona kwamba dawa ya nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa ilikuwa mikononi mwa wazee, wakawahimiza kuifanya upya. Ngitili ya Mzee ilikuwa ekari 5. Alipofariki ilikuwa na migunga mirefu, mikwaju miwili, na nyasi za kuezekea ambazo wajane wa kijiji walikata bila kulipa kitu.

Sasa twafika katika neno lenyewe, nalo si la kutupatia sifa.

Mwezi wa Julai 2019, Mzee alifika ofisini kwetu kwa baiskeli, asubuhi na mapema. Tuliamkiana “Mwangaluka” kama ilivyo ada, akaketi, akatoa katika mfuko wa nailoni daftari la shule lenye kurasa 40. Akasema, “Mwanangu, nimeandika namna watakavyogawana. Nipigie chapa, unionyeshe mahali pa mashahidi.” Tulikuwa na orodha za madai ya pamba mezani. Mwaka ule bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo; bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakakosa fedha, na wakulima wengi wakapeleka pamba yao wasilipwe kwa miezi mingi. Kila siku watu walijaa mlangoni wakiuliza. Mzee mwenyewe alidai malipo ya kilo 1,140. Tukamwambia, “Baba, rudi Jumatatu.” Hakurudi Jumatatu ile kwa kuwa alikuwa na maziko ya jirani. Alirudi Agosti, tulikuwa tukijiandaa kwa ziara ya mkubwa mmoja. Alirudi mwisho wa Septemba. Umeme ulikuwa umekatika, nasi tulikuwa na njaa. Tukamwambia tena, “Baba, rudi Jumatatu.” Akalirudisha daftari mfukoni, akatuuliza habari za watoto wetu, akapanda baiskeli yake. Ni mwendo wa saa mbili.

Mwanzo wa Novemba alianguka shambani akisafisha mahali pa kupanda. Hakufika hospitali.

Tulikwenda mazikoni. Kwa desturi ya zamani ya Kisukuma mwenye mji huzikwa zizini, amefungwa katika ngozi ya ng'ombe, na wazee wa ukoo waliitaka desturi hiyo. Watu wa mtaa wa kanisa walitaka sanduku na kaburi mahali alipopataja mwenyewe, ukingoni mwa shamba. Walibishana hata jioni. Mwisho alizikwa katika sanduku, hatua chache nje ya lango la zizi, na wimbo ukaimbwa, nao wazee wa ukoo wakasimama wakasikiliza kofia mkononi. Hatukuona kwamba upande wo wote ulishindwa.

Siku ya kikao cha ukoo ndiyo iliyokuwa ngumu. Mzee aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mwana mkubwa hufanya biashara Mwanza. Wa pili alikuwa nyumbani. Binti alikuwa amerudi kwao na watoto wawili baada ya ndoa yake kuvunjika, na kwa miaka 9 ndiye aliyeshika plau nyuma ya ng'ombe pamoja na babaye, ndiye aliyepalilia na kuchambua. Daftari lilisema hivi: mashamba ekari 12 yagawanywe sawasawa, ekari 4 kila mtoto, binti naye mmoja wao, ng'ombe 11 wagawanywe kama walivyotajwa kwa rangi zao, na ngitili isigawanywe, iwe mkononi mwa mama yao maisha yake yote, isikatwe mti mbichi. Chini palikuwa na jina lake na tarehe. Hapakuwa na jina la shahidi hata mmoja.

Mwana wa nduguye marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alilipokea daftari, akaligeuza, akauliza, “Mashahidi wako wapi?” Wote wakanyamaza. Mwinjilisti akasema kwamba marehemu aliwasomea wazee wa kanisa maneno hayo hayo. Akaulizwa kama walikuwapo watu wa ukoo. Hawakuwapo. Ndipo mjane aliposema kwa sauti ndogo kwamba mumewe alilipeleka daftari kwa Serikali mara tatu. Na yule msemaji wa ukoo akajibu neno ambalo hatujalisahau: “Basi hata Serikali imelikataa.”

Ndugu wanachama, mtajua wenyewe tulivyoona. Uvivu wetu ulikuwa umegeuka hukumu. Hapana aliyekataa daftari lile, halikufunguliwa. Tulisimama tukasema hivyo mbele ya watu wote, kwamba marehemu alikuja mara tatu, na kwamba Serikali haikukataa kitu, bali sisi karani ndio tuliomrudisha kwa sababu ambazo leo hatuwezi kuzitaja bila haya. Wengine waliguna. Mama mmoja alisema, “Kumbe!” na hilo tu lilitosha.

Kwa kuwa wengi wetu huandikia watu barua na hati, yafaa tueleze sheria ilivyo. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 yasema kwamba wosia ulioandikwa na mtu ajuaye kusoma na kuandika wataka mashahidi wawili wajuao kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja baki. Asiyejua kusoma ataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wosia wa mdomo nao wataka wanne kwa namna hiyo hiyo. Mke aliyepo nyumbani awepo pia, na anayerithi hafai kuwa shahidi. Ni jambo la nusu saa. Mzee alihitaji watu wawili, na mmoja, yule baki, angaliweza kuwa sisi.

Mtu asipoacha wosia, amri ile ile yampa mwana mkubwa wa kiume fungu lililo kubwa, kisha wana wengine wa kiume, na mabinti huwekwa daraja la tatu. Mjane hutazamiwa kutunzwa na watoto wake, hapewi fungu lake. Wako wadhanio kwamba ubatizo wamtoa mtu katika mila. Lakini mahakama huangalia namna mtu alivyoishi na nia aliyoionyesha, na Mkristo wa shambani aliyeishi kwa desturi za ukoo aweza kuhukumiwa kwa mila, kanisa liseme lisiseme. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Ephraim na Pastory lililotoka Muleba, aliamua kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo yakataza mila yo yote inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo wajane wawili wa Kisukuma wa Mkoa wa Shinyanga, wakati Bariadi ingali ndani yake, walipoipinga ile amri ya 1963, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba yawabagua wanawake lakini haikuifuta. Wajane wale walikwenda hata kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba haki zao zimevunjwa. Twalitaja shauri hilo ili msidhani kwamba binti wa Mzee alikuwa na njia fupi ya kwenda mahakamani. Wenzake walitembea miaka kumi.

Turudi kwenye kikao. Kiliahirishwa hata kesho yake. Usiku ule lilizuka neno baya, kwamba kifo cha ghafula namna ile si cha bure, na kwamba mwanamke akaaye na mume mzee ajua mambo. Wote mnajua neno hilo laweza kufika wapi katika nchi yetu. Bibi vizee wameuawa Usukumani kwa neno kama hilo, na mara nyingi nyuma ya neno pana shamba. Watu wa mbali wakisikia Bariadi huuliza habari za Gambosi na kucheka. Mjane yule hakucheka. Mwinjilisti na watu wanne wa mtaa walilala mlangoni pake. Jina la aliyelianzisha neno halikujulikana, nalo likafa baada ya siku chache.

Asubuhi, mwana mkubwa aliomba daftari. Tulimtazama akilisoma peke yake chini ya mkwaju, polepole, akirudia kurasa. Yeye ndiye ambaye sheria ingalimpa fungu kubwa kama daftari lingetupwa, na alikuwa na deni Mwanza. Aliporudi alisema kwamba mwandiko ni wa babaye na rangi za ng'ombe ni sawa, hapana mtu mwingine angalizijua. Naye hataki kulima juu ya jasho la dada yake. Warithi wakikubaliana wenyewe, hakuna shahidi anayetakiwa. Basi mashamba yakagawanywa kama ilivyoandikwa. Sisi tuliandika muhtasari wa kikao papo hapo, kurasa tatu, kila mtu akatia sahihi au dole gumba, na muhtasari huo ndio uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo kwa kumteua msimamizi wa mirathi.

Ngitili haikupona yote. Juu ya hiyo ukoo haukukubali, kwa kuwa walisema ilifungwa na babu yao na si ya marehemu peke yake. Kama Mzee angalikuwa na mashahidi wawili, hoja hiyo ingalikuwa na kazi kubwa zaidi. Ekari 3 zilifunguliwa mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha, wakati usiofaa kabisa. Ng'ombe wa watu watatu waliingia. Mwezi wa Machi tulipopita palikuwa na matope na visiki viwili vibichi. Ekari 2 zenye mikwaju zilibaki kwa mama.

Binti alipanda pamba kwa kuchelewa, tarehe 19 Desemba, kwa sababu ya vikao. Alivuna kilo 610 katika ekari zake 4, kiasi kidogo, lakini zote safi.

Fedha za pamba ya Mzee ya mwaka 2019 zililipwa mwaka uliofuata. Mjane alikuja kuzifuata pamoja na msimamizi, na baada ya kuhesabu akabaki ameketi. Tulidhani anataka nauli. Akatoa lile daftari, kurasa zake nyingi zingali nyeupe, akasema, “Sasa andika la kwangu.” Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Ijumaa, na watu walikuwa mlangoni. Mama huyo hajui kusoma, kwa hiyo tulihitaji watu wanne. Shemeji yake alikuwa sokoni, naye akaitwa. Mpwa wake mmoja fundi baiskeli akaja na mikono ya grisi. Baki wa kwanza alikuwa mwalimu aliyekuja kwa shughuli yake mwenyewe, na baki wa pili tulikuwa sisi. Alitaja mbuzi sita, vyungu, cherehani mbovu na zile ekari mbili, akitaka nyasi za kuezekea ziendelee kukatwa na wajane bila malipo. Tulimsomea mara mbili. Alitia dole gumba, akaomba karatasi ya kufutia wino, akaondoka kabla ya mvua.